Zaka, mizani na ujira wa kibarua: kulisoma Agano la Kale katika msimu wa korosho

Msimu wa korosho unapofunguliwa huku kwetu Masasi, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, na fedha za minada ya kwanza zikaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, kuna aya moja ya Agano la Kale ambayo hupanda mimbarani karibu katika kila dhehebu, nayo ni Malaki 3:10: “Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu.” Sina ugomvi na aya hiyo, na zaka natoa. Ninachotaka kukisema ni kwamba kanisa linaloikumbuka Torati wakati wa kupokea, likaisahau wakati wa kupima, kukopeshana na kulipa ujira, halijaamini bado kwamba maandiko ya Waebrania yana neno kwa Wakristo wa leo. Limejua tu ukurasa wa kuufungua.

Tuanze na Malaki mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayetajwa sana. Kitabu chake ni kifupi, sura nne katika Biblia zetu, na kwa kawaida wataalamu hukiweka katika karne ya 5 kabla ya Kristo, wakati Wayahudi walipokuwa wamekwisha kurudi kutoka uhamishoni Babeli na hekalu la pili limesimama chini ya utawala wa Waajemi. Zaka aliyoidai ilikuwa na kazi inayoeleweka. Kabila la Lawi halikugawiwa nchi kama makabila mengine, na sura ya 18 ya kitabu cha Hesabu inaeleza kuwa zaka ndiyo iliyokuwa urithi wao badala ya ardhi. Watu walipoacha kuitoa, utumishi wa hekaluni ulisimama. Nehemia, katika sura ya 13 ya kitabu chake, alikuta Walawi na waimbaji wameondoka na kwenda mashambani kutafuta chakula. Zaidi ya hapo, Kumbukumbu la Torati 14 linaagiza kwamba kila mwaka wa tatu zaka iwekwe ndani ya malango ya mji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale na kushiba. Nimesikia mahubiri mengi ya zaka katika maisha yangu, na ni machache mno yaliyomtaja mjane kama mpokeaji; mara nyingi hutajwa kama mtoaji, yule wa senti mbili katika Injili.

Aya tano tu kabla ya ile inayopendwa, Malaki 3:5, nabii anasema Bwana atakuja karibu kuhukumu, na atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na juu ya wale wanaomwonea mtu wa kuajiriwa katika mshahara wake, wanaomwonea mjane na yatima, na wanaomnyima mgeni haki yake. Orodha hiyo inastahili kusomwa polepole. Mchawi tunamhubiri kila wiki, na mzinzi pia hatumsahau. Mwajiri anayekalia mshahara wa mtu amesimama katika foleni hiyo hiyo, mbele ya hakimu yule yule, lakini sijawahi kusikia mkutano wa injili uliotangazwa kwa ajili yake.

Kwa msomaji asiye wa Kusini, nieleze kidogo juu ya kangomba. Ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo wa ushirika na minada, na mara nyingi hufanyika kabla mavuno hayajaiva. Mkulima amepatwa na ugonjwa nyumbani, au mtoto anatakiwa shuleni na sare hana, naye mnunuzi humpa fedha kidogo, kisha msimu ukifika huja kuchukua korosho nyingi kuliko thamani ya alichokopesha, tena wakati mwingine kwa kipimo chake mwenyewe, bakuli au debe lililobonyezwa, pasipo mizani. Serikali imeupiga marufuku, lakini shida za miezi ya kabla ya mavuno hazipigwi marufuku kwa tangazo, na kwa hiyo kangomba haijaisha. Wanaoifanya si wageni wasiojulikana. Baadhi yao tunaketi nao benchi moja Jumapili, na wakipata hutoa zaka vizuri.

Sasa mtu na afungue Amosi sura ya 8. Amosi alikuwa mtu wa Tekoa katika Yuda, mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, mkulima wa miti kama sisi, naye alikwenda kuhubiri katika ufalme wa kaskazini wakati wa Yeroboamu wa Pili, katika karne ya 8 kabla ya Kristo, wakati wa neema kwa matajiri. Aliwaona wafanyabiashara wanaoishika sabato na sikukuu ya mwezi mwandamo huku wakihesabu saa ziishe, wapate kufungua maghala, kupunguza kipimo, kuongeza bei, kudanganya kwa mizani, na kumnunua maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Watu hao walikuwa wa dini na walihudhuria ibada. Lawama ya nabii ni kwamba ibada yao haikufika sokoni. Nyuma ya maneno yake iko sheria ya wazi: Mambo ya Walawi 19 inadai mizani ya haki na vipimo vya haki, na Kumbukumbu la Torati 25 linakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja zito na jingine jepesi. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye mzani kijijini, akatazama gunia lake likipungua kilo bila sababu, haitaji kufundishwa historia ya Mashariki ya Kati ili aielewe aya hiyo.

Jambo la ujira wa kibarua ni gumu zaidi, kwa sababu hapo mwenye kosa si mlanguzi peke yake. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 linaamuru kwamba mfanyakazi maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutumainia ujira huo, asije akamlilia Bwana ikawa dhambi kwako. Katika mashamba yetu vibarua hupalilia, hupulizia salfa, huokota korosho na kuzitenganisha na mabibo, na mara nyingi huambiwa wasubiri mpaka malipo ya mnada yatoke. Mkulima naye anasema kweli, kwani fedha hana. Korosho zake ziko ghalani na stakabadhi iko mkononi. Ninakubali ugumu huo. Hata hivyo sheria haikumtazama kwanza mwenye shamba. Ilimtazama yule asiye na gunia lolote ghalani, ikaamua kwamba mzigo wa kusubiri aubebe mwenye mali. Mtu akiniuliza jinsi ya kulitekeleza hilo Masasi ya leo, nitamjibu kwamba anayejua kuweka akiba ya salfa mapema anaweza pia kuweka akiba ya ujira, au akaajiri watu wachache anaoweza kuwalipa.

Wapo watakaosema hapo kwamba hayo yote ni Torati, nasi tuko chini ya neema. Ingekuwa hoja nzuri kama Agano Jipya lenyewe halingekuwa limelifunga jambo hili. Yakobo 5:4 inawaambia matajiri kwamba ujira wa wafanyakazi waliovuna mashamba yao, ambao wameuzuia kwa hila, unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mtume huyo alikuwa anasoma Kumbukumbu la Torati na Malaki, na hakuona kwamba muda wa maandiko hayo umekwisha.

Hata hivyo swali la ipi katika sheria hizo bado inatubana ni swali halali, na katika mkoa kama wetu mtu hawezi kulikwepa, kwa sababu tunaishi nyumba kwa nyumba na Waislamu na mara nyingi ni ndugu wa familia moja. Shemeji yangu huwa ananiuliza, “Shemeji, nyinyi mnakiri kwamba Taurati ya Nabii Musa ilitoka kwa Mungu, basi mbona nguruwe mnamla?” Anauliza kwa heshima, na anajua anachokizungumza, kwa maana Mambo ya Walawi 11 inamkataza nguruwe waziwazi. Ndugu zetu Wasabato nao hutuuliza swali hilo hilo kutoka upande mwingine. Jibu la Kikristo halianzi na mate ya mdomoni, linaanza na Matendo ya Mitume 15. Mitume na wazee walikutana Yerusalemu, takriban mwaka 49, kuamua kama watu wa mataifa walioamini walazimike kutahiriwa na kuishika sheria yote ya Musa. Wakaamua wasitwikwe mzigo huo, ila wajiepushe na vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na nyama iliyosongolewa, na uasherati. Mimi ninayasoma masharti ya chakula yaliyomo humo kama masharti ya meza ya pamoja, yaliyowekwa ili Myahudi na Myunani waliomwamini Kristo waweze kula sahani moja. Kwa sababu hiyo, Mkristo wa Mtwara anayemwachia jirani Mwislamu kuchinja mnyama wa arusi ili wageni wote wale bila wasiwasi yuko karibu na roho ya mkutano ule kuliko mwenzake anayedai uhuru wake mbele ya sufuria.

Tohara ni mfano mwingine mzuri, na huku kwetu una sura yake. Wamakua, Wayao na Wamakonde wanatahiri watoto wao wa kiume kwa desturi ya jando, wawe Wakristo au Waislamu. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa dayosisi ya Kianglikana ya Masasi iliyoanzishwa mwaka 1926, anakumbukwa kwa juhudi yake ya kuweka jando chini ya malezi ya kanisa badala ya kulifuta. Lakini hakuna mtoto wa Kikristo hapa anayetahiriwa ili aingie katika agano la Ibrahimu la Mwanzo 17. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba katika Kristo kutahiriwa hakuna nguvu wala kutokutahiriwa, bali imani itendayo kazi kwa upendo, na kwa jambo hilo tumemwelewa vizuri bila hata kujua kwamba tumemwelewa.

Kosa la upande wa pili ni la zamani sana. Katika karne ya 2, Marcion, mtu wa Sinope kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, alifundisha kwamba Mungu wa maandiko ya Waebrania si Baba wa Yesu Kristo, akaliacha Agano la Kale lote na kubaki na Injili ya Luka aliyoipunguza pamoja na nyaraka kumi za Paulo. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144. Alikuwa na ujasiri wa kusema wazi jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kimyakimya, kwani Biblia zetu zimechakaa upande wa nyuma, na upande wa mbele kurasa bado zinang'aa. Ugumu aliokutana nao Marcion ni kwamba Yesu hakumwachia nafasi: “Msidhani ya kuwa nalikuja kuitangua torati au manabii, la, sikuja kutangua, bali kutimiliza.” Alipoulizwa amri iliyo kuu alizinukuu mbili, na zote mbili ni za Torati, moja kutoka Kumbukumbu la Torati 6 na nyingine kutoka Mambo ya Walawi 19. Hiyo ya pili, ya kumpenda jirani kama nafsi yako, imo katika sura ile ile yenye mizani ya haki na katazo la kulaza ujira wa kibarua hadi asubuhi. Yesu hakuiokota njiani.

Paulo ametuonyesha pia namna ya kuzisoma sheria ambazo hazituhusu moja kwa moja. Katika 1 Wakorintho 9 anainukuu sheria inayokataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, kisha anauliza kama Mungu alikuwa anawaangalia ng'ombe tu, na kutoka hapo anatoa haki ya mfanyakazi kula kwa kazi yake. Huku Masasi hatupuri nafaka kwa ng'ombe. Lakini tukimfuata Paulo, swali letu linakuwa ni nani anayelindwa na sheria hii na dhidi ya nini, kisha tunatafuta mtu huyo yuko wapi katika kijiji chetu.

Nina sababu ya kupendelea usomaji huu ambayo ni ya hapa nyumbani. Kanisa la Masasi lilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alipokuja kutoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nchi hii ya Kusini ilikuwa imepitiwa na misafara iliyowapeleka watu kutoka bara hadi bandari za pwani kama Kilwa. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, alipadirishwa mwaka 1890 na akafanya kazi Chitangali, akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, na mwaka uliofuata Biblia nzima ikachapishwa kwa Kiswahili cha Unguja. Watu wa namna hiyo walipousikia wimbo wa Bahari ya Shamu hawakuhitaji mhubiri awaambie kwamba Misri ni mfano wa dhambi. Misri waliijua kwa shingo zao. Na Kumbukumbu la Torati 24, sura hiyo ya ujira, ya rehani na ya masazo ya mavuno, inatoa sababu moja ya amri zake na kuirudia mara mbili, katika aya ya 18 na ya 22: kumbuka ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Sisi ni wajukuu na vitukuu vya watu waliokuwa na haki ya kuisoma aya hiyo kama habari zao wenyewe. Kwa hiyo naona aibu ya pekee kumpunja kibarua katika parokia zilizoanzwa na watu hao.

Sitaki kusema kwamba kila kitu katika maandiko hayo ni laini. Mambo ya Walawi 25 inaruhusu Mwisraeli kununua watumwa kutoka mataifa ya kando na kuwarithisha watoto wake, na msomaji wa Masasi hawezi kuipita aya hiyo akijifanya hakuiona. Kumbukumbu la Torati 23:15-16, kwa upande mwingine, linakataza kumrudisha mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Aachwe akae mahali atakapopachagua, wala asionewe. Aya zote mbili zimo. Wenye watumwa wangeweza kuifurahia ya kwanza. Wakimbizi waliojenga vijiji karibu na misheni walikuwa wakiiishi ya pili. Nikiulizwa ni ipi inayoelekea kwa Mungu aliyewatoa watu Misri, na kwa Kristo aliyesoma katika sinagogi la Nazareti unabii wa Isaya juu ya wafungwa kufunguliwa, sioni haja ya kusitasita. Vita vya Yoshua navisoma kwa utaratibu huo huo, na ninamwogopa mhubiri anayevitumia dhidi ya jirani zake.

Maandiko hayo pia hurekebishana yenyewe kwa yenyewe, na hapo yana dawa kwa ugonjwa ulioenea sana sasa. Mafundisho ya kuvunja laana za ukoo yanajaza mikutano, na msingi wake huchukuliwa katika Kutoka 20:5, panaposemwa juu ya uovu wa baba kupatilizwa wana hata kizazi cha tatu na cha nne. Mtu aliyefiwa, au ambaye mikorosho yake haizai, au msichana ambaye hajaolewa, huambiwa kwamba babu yake alifanya agano na mizimu. Ezekieli aliwakuta watu uhamishoni wakisema jambo la namna hiyo kwa methali, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Katika sura ya 18 akawakataza wasiitumie tena, akasema kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba uovu wa mwanawe. Yeremia 31 ina neno hilo hilo. Ningependa sura hiyo ya Ezekieli isomwe kwa sauti katika kila mkesha wa kuvunja laana, kabla sadaka haijakusanywa.

Zaburi sizitolei maneno mengi, kwa sababu hazihitaji wakili. Watawa Wabenediktini wa abasia ya Ndanda huzisali kila siku, Waanglikana tunazo katika sala za asubuhi na jioni, na hakuna mazishi huku yanayopita bila ya 23 au ya 90. Hata wale wanaodai Agano la Kale limepitwa na wakati huzikumbuka mbele ya jeneza.

Katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia tumeamua kuisoma Kumbukumbu la Torati 24 kabla ya msimu kuanza, na mjadala mkali zaidi haukuwa juu ya zaka wala kangomba, ulikuwa juu ya masazo. Aya ya 20 inasema ukiisha kuutikisa mzeituni usirudi tena kuyatafuta matawi. Yanayobaki ni ya mgeni, yatima na mjane. Mzeituni na mkorosho zinafanana kwa hilo. Korosho huendelea kudondoka moja moja baada ya mavuno makubwa, na akina mama wasio na mashamba huingia na watoto wao kuziokota, na wenye mashamba huwafukuza kama wezi. Mzee mmoja alisema kwamba akiwaruhusu waokotaji, wezi wa kweli watajichanganya nao. Mama mjane, ambaye ni mwalimu wa Shule ya Jumapili, akamjibu, “Babu, Boazi naye alikuwa na vijana wa kuvuna shamba, lakini aliwaambia wasimkaripie Ruthu, tena wamdondoshee makusudi.” Mzee hakukubaliana naye siku hiyo. Alitaka kwanza tupange tarehe ambayo baada yake shamba litahesabiwa kuwa limekwisha kuvunwa, ili mwokotaji na mwizi waweze kutofautishwa, na kikundi kikakubali kwamba ombi lake ni la haki. Tarehe bado hatujaafikiana. Wenye mashamba makubwa wanapendekeza Februari, na mama mwalimu anasema kufikia Februari zitakuwa zimeoza.